Kichanga cha Saba

Hapo zamani za kale, wanangu, mwaka ambao jua lilikunywa mito yote, Simba, Chui na Fisi walikula kiapo: windo ligawanywe sawasawa, asibaki mnyama hata mmoja. Atakayekiuka, tumbo limpasuke.

Wakafika pangoni kwa Mama Pimbi. Pu! Simba akaziba mlango.

"Hodi, bibi! Mko wangapi humo?"

Mama Pimbi alikuwa na watoto watano, na kichanga alichokizaa alfajiri ile.

"Saba, nami nikiwemo, mzee wangu," akajibu upesi. "Lakini kiapo chenu kinajulikana. Hesabuni kwanza, msije mkapasuka."

Fisi akahesabu kwa kucha. "Wawili wako, wawili wake, wawili wangu... Ah! Mmoja kabaki! Tumwite Mbweha, tuwe wanne?"

"Watabaki watatu," Mama Pimbi akajibu.

"Tukiwa watano?"

"Wawili."

"Sita?"

"Mmoja. Saba haigawanyiki, bwana Fisi, mpaka mje saba."

"Lo! Namba gani hii, ngumu kama jiwe!"

"Tungoje," Chui akanguruma. "Njaa itampunguza mmoja."

Wakakaa mlangoni. Kila asubuhi Fisi aliita, "Hesabu!" Wa pangoni wakaitika: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Kisha kichanga: "Ng'ee!"

Siku ya sita kichanga hakikulia. Maziwa ya mama yalikuwa yamekauka, na kichanga kilikuwa baridi.

"Mama..." Mbaruku, mwanawe mkubwa, akaanza kulia.

"Nyamaza, baba! Tukilia tumekwisha. Sita hugawanyika kwa watatu."

"Hesabu!" Fisi akaita.

Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.

Kimya.

Mbaruku akameza machozi, akabana pua: "Ng'ee!"

"Bado saba," Fisi akasonya. "Mfyuu!"

Kesho yake vivyo hivyo: "Ng'ee!" Simba akainuka, akiyumba kwa njaa.

"Namba hii haifi, jamani. Twendeni, tutakufa sisi."

Tii... tii... tii... hatua zikapotea.

Ilikuwa siku ya saba, siku ambayo mtoto hutolewa nje aone jua, apewe jina. Mama Pimbi akamtoa wake. Akamwinua juani, akamwita Tunu. Kisha akamlaza chini ya mawe, na ndipo wote sita walipolia kwa sauti.

Hadithi yangu nimeiacha pale kwenye mawe: ujanja huokoa waliobaki, lakini hauzibi pengo la aliyeondoka.