Nyumba Tisa Zilizoangukia Baharini

Kaeni vizuri, na walio mbali wasogee. Kisa hiki hakina mwisho. Nawaambia mapema ili mtu asije akaninunia, maana mwisho wake nitauacha mikononi mwenu.

Kijiji cha Lukangala, kule milimani, kilikuwa na watu watatu wenye vipaji. Wa kwanza ni Skolastika Kihwele, aliyejua kuandika skripti za Python, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata moja baada ya jingine. Umpe orodha ya vipimo vya ardhi, naye anakurudishia ramani kabla chai yako haijapoa. Wa pili ni Odilo Mhanga, mwalimu wa hesabu, na kipaji chake kilikuwa subira. Kosa ambalo wengine wamelikatia tamaa, Odilo atalivizia mpaka lijitokeze. Wa tatu ni Bi Agripina Luvanda, katibu wa kamati ya maji. Kompyuta hakuijua wala hakutaka kuijua, lakini kitu akishakiona mara moja, hakimtoki kichwani.

Mwaka uliotangulia, watatu hao walipima nyumba za kijiji ili mabomba ya maji yapitishwe. Odilo alichora fomu. Agripina alibeba kifaa cha GPS mlango kwa mlango, akajaza kwenye fomu namba za mahali ilipo kila nyumba, na majina ya wenye nyumba akayaweka, kwa mpangilio uleule, kwenye daftari lake asiloachana nalo. Skolastika akaandika skripti ya kugeuza zile namba kuwa ramani. Mabomba hayakuja, hilo mmeshalikisia wenyewe. Ramani ikabaki kwenye kompyuta.

Basi Jumapili moja ya masika, saa mbili asubuhi, wengi wakiwa misa kanisani bondeni, mlima ulimeguka. Tope lilifunika vitongoji viwili pamoja na kijito kilichokuwa katikati yao. Pale palipokuwa na mapaa na migomba sasa palikuwa uwanja mtupu, huwezi kujua jiko la nani lilikuwa wapi. Likaletwa katapila moja tu. Mkuu wa waokoaji, Bwana Mbilinyi, akauliza kama kuna yeyote mwenye ramani ya nyumba.

Skolastika alifungua kompyuta yake akiwa amepiga magoti kwenye matope. Skripti ikaenda vizuri, haikulalamika hata kidogo, ikatoa nyumba thelathini na moja. Katapila likachimba pale ramani ilipoelekeza, na kufikia saa sita mchana watu wanne walikuwa wametolewa wakiwa hai. Watu walimshukuru, na wengine walimshika mikono. Yeye alikuwa bado anaikagua ramani, kwa sababu mdogo wake Emeriana alibaki nyumbani asubuhi ile kupika, na ng'ambo ya kijito, alikokaa Emeriana, ramani haikuonyesha nyumba hata moja.

"Bwana Mbilinyi," alisema, "ng'ambo ya kijito kulikuwa na watu."

"Kijito kiko wapi, dada yangu? Nionyeshe, nipeleke katapila sasa hivi."

Skolastika alitazama matope kushoto na kulia. Hapakuwa na kijito.

Si yeye peke yake aliyekuwa na mtu kule. Mke wa Odilo, Perpetua, hakwenda misa kwa sababu mguu ulikuwa umemvimba. Kijana wa Bi Agripina, Fidelis, alilala na homa. Wa nyumba nyingine za ng'ambo ile walihesabiwa wote kanisani, wazima. Waliokosekana ni hao watatu, kila mmoja chini ya paa lake.

"Sogea kidogo nione," Odilo alimwambia Skolastika. Akaanza kuisoma skripti mstari kwa mstari, kidole kikitembea kwenye kioo, huku mke wake akiwa ardhini. Niambieni nyinyi kama mngeweza. Alihesabu nyumba zilizoingia, akapata arobaini. Alihesabu zilizotoka, akapata thelathini na moja. Akaendelea kusoma mpaka akaufikia mstari mmoja mfupi uliosema kwamba nyumba ikiangukia nje ya wilaya, irukwe.

"Huu umeuandika wewe?"

"Ni mimi," Skolastika alisema. "Siku ile wageni wa mradi walikuwa njiani, na skripti ilikuwa inakwama kila nikiiwasha. Nikaiambia iruke tu, inyamaze."

Odilo hakumgombeza. Aliufuta mstari ule, akaweka mwingine wa kutangaza kila kinachotupwa. Zikatokea nyumba tisa, zote katikati ya bahari, mamia ya kilomita kutoka pale walipokaa. Alijaribu hiki na kile, na kila alipojaribu nyumba zilihamia mahali pengine pasipokuwa na mtu. Chaji ya kompyuta ilikuwa asilimia kumi na moja.

Bi Agripina aliposikia habari za bahari, alikasirika. "Mwanangu hajafa maji. Namba hizo nilizisoma mwenyewe, nimesimama mlangoni kwangu." Akawaamuru wamtajie moja moja. Zile tisa zote zilianza na nane, na za upande wa pili zote zilianza na moja.

"Nilipovuka kijito," alisema polepole, "ile namba ndogo ya pembeni mwa kioo cha kifaa ilibadilika. Ilikuwa thelathini na saba, ikawa thelathini na sita. Nilidhani betri zinakwisha. Na fomu yako, mwalimu, haikuwa na mahali pa kuiandika."

Odilo aliinamisha kichwa. Nafasi hiyo aliiondoa mwenyewe, ili fomu itoshe kwenye karatasi moja.

Lakini Skolastika alishaelewa. Wapima ardhi wameikata dunia vipande virefu vinavyoitwa kanda, na kila kanda huanza hesabu yake upya. Mpaka wa kanda mbili ulipita palepale kwenye kijito cha Lukangala. Ukizisoma namba za kanda moja kwa hesabu ya kanda nyingine, nyumba ya mtu unaitupa baharini. Alizigawa nyumba mafungu mawili, kila fungu akalipa kanda yake. Skripti ikagoma kuyaunganisha. Alijifuta matope vidoleni, akayageuza yote mawili kuwa nyuzi za latitudo na longitudo kwanza, kisha akayaunganisha. Chaji ilikuwa asilimia nne. Vidoti tisa vikajipanga kwenye ramani, upande wa pili wa matope.

Hakufurahi. Aliwaza kwamba vidoti hivyo vingekuwa hapo tangu saa tatu asubuhi, lau si mstari mmoja alioandika kwa ajili ya wageni. Odilo aliinakili ramani kwenye simu yake, simu pekee iliyokuwa bado na chaji na uwezo wa kumwongoza mtu mpaka kwenye kidoti. Kompyuta ikazima.

Bwana Mbilinyi alikuja akitazama wingu jeusi lililokaa juu ya mlima.

"Mvua ikishuka, katapila linaondoka, siwezi kumzika dereva wangu naye. Shimo moja ni saa nzima, na hiyo saa moja ndiyo niliyo nayo. Nyumba zimeachana mbali. Mimi siwajui watu wenu. Nyinyi mmeileta ramani, nyinyi mseme nianze wapi."

Odilo alisema kwa sauti ndogo, "Nisingeuona ule mstari, tungekuwa bado tunaamini hakuna nyumba kule."

"Ungezivua baharini mpaka kesho," alisema Bi Agripina. "Mimi ndiye niliyezirudisha nchi kavu."

"Na mimi ndiye niliyezipandisha kwenye ramani," alisema Skolastika. Akasikia aibu wakati uleule, kwa sababu yeye ndiye aliyezitupa. Lakini Emeriana alikuwa amelelewa naye, mgongoni mwake, mama yao alipofariki, na aibu haikutosha kumfanya amwache.

Simu ya Odilo ilikuwa na vidoti bila majina. Majina ya wenye nyumba, kwa mpangilio wa vidoti, yalikuwa kwenye daftari la Bi Agripina, naye alikuwa amelikumbatia. Na ramani yenyewe ilitoka kwenye mikono ya Skolastika. Walitazamana, watu waliokula meza moja mwaka mzima, na kila mmoja akaona machoni mwa wenzake kwamba anaombwa amzike mtu wake.

Dereva aliwasha katapila. "Jamani, naenda wapi?" aliuliza.

Tone la kwanza la mvua lilianguka kwenye daftari.

Mimi kisa changu nimekifikisha hapo, na mara nyingi usiku nimelala nacho nikakosa pa kukiweka. Wote watatu walikosea, wote watatu walirekebisha, na shimo ni moja. Nyinyi mliokaa hapa wakavu, msinitazame mimi. Dereva anasubiri: wewe ungemwambia aende kwa nani, na wale wawili wengine ungewaambia nini?