Kitanda cha Arobaini

Hapo zamani, mitihani ilipokuwa imekwisha kuingia nchini lakini simu bado, palikuwa na chuo cha wakunga juu ya mlima wa Kivindu. Chuo kilikuwa na vitanda arobaini, kwa hiyo kilichukua wasichana arobaini, mara moja kila baada ya miaka mitatu. Hapakuwa na kulala chini wala kulala wawili wawili.

Fomu ya chuo kile ilikuwa na kisanduku kimoja cha ajabu. Pameandikwa: "Alama zako za mtihani. Ukitaka, jaza. Usipotaka, acha wazi, hutaulizwa." Maneno ya kiungwana, na yaliwakosesha watu usingizi kuliko mtihani wenyewe.

Bondeni palikuwa na shule ya Ngurunga. Maabara haikuwa nayo. Chura walimpasua kwa chaki, ubaoni. Tangu ijengwe, hakuna mtoto wa pale aliyewahi kufika alama hamsini. Mwaka huo wakavuka watatu. Nanzia alipata sitini na nne. Mkunde alipata sitini na moja. Eliapenda alipata hamsini na nane. Wote watatu walitaka ukunga, na wote watatu walijua kwamba wakikosa safari hii, miaka mitatu ikipita watakuwa wameshaolewa.

Mwalimu wao, Kisaka, alikuwa amesikia kwamba wasichana wa safari iliyopita walikuwa na themanini kwenda juu. Akawaita.

"Wanangu, alama zenu hapa ni sherehe, kule ni aibu. Acheni wazi."

Nanzia akasema, "Sawa, Mwalimu." Akaacha wazi.

Mkunde akasema, "Sawa, Mwalimu." Akaacha wazi.

Eliapenda akasema, "Sawa, Mwalimu." Akajaza.

Mkunde ndiye aliyezipeleka fomu, kwa kuwa ndiye mwenye miguu. Alitembea siku nzima, akafika siku ya mwisho, karani ameshashika kufuli. Karani akazipitia.

"Binti, mbili hizi zina kisanduku kitupu. Mkuu wetu husoma alama pamoja na shule zinakotoka. Sitini ya Ngurunga kwake si sitini ya mjini. Kalamu hii hapa, jaza."

Mkunde akaishika kalamu. Alama zake alizijua. Za Nanzia alizijua pia, lakini Nanzia alikuwa ameamua mwenyewe kuzificha, na hakuwapo wa kuulizwa. Kujaza za mwenzake akaona ni kumvua nguo mbele ya watu. Kujaza zake peke yake akaona ni kumkimbia. Akarudisha kalamu.

"Zipokee hivyo hivyo, baba," akasema.

Majina yakatoka. Thelathini na tisa ya wageni, na la arobaini Eliapenda.

Kwa watu wa Ngurunga, anayesafiri habebi mzigo wake. Basi siku ya kuripoti Nanzia alibeba godoro la Eliapenda, Mkunde akabeba sanduku, Mwalimu Kisaka akatangulia na fimbo yake. Mkuu wa chuo akawapokea mlangoni. Mwalimu, kwa furaha, akamwambia, "Mtunze huyu, Mkuu. Ni wa tatu wangu."

"Wa tatu? Wa kwanza na wa pili wako wapi?"

"Si hawa hapa! Mwenye godoro na mwenye sanduku."

Mkuu akauliza alama zao. Akaambiwa. Akakaa chini.

"Sitini na nne, kutoka Ngurunga? Ningeiona hiyo, nisingefungua fomu nyingine."

Na karani, ambaye mdomo wake haukuwa na kufuli, akaeleza habari ya kalamu. Nanzia akalia palepale, bila kujifunika uso.

Kitabu cha vitanda kilikuwa bado hakijaandikwa jina la arobaini. Mkuu akakifungua, akasema, "Semeni, mmoja mmoja."

Eliapenda akasema, "Fomu iliuliza, nikajibu. Mwalimu alitutisha sote sawasawa. Zangu ndizo zilikuwa chache, na niliogopa kuliko wao. Leo niondoke kwa sababu waliokuwa na nyingi waliziona chache?"

Nanzia akasema, "Mimi nilimtii aliyenifundisha kusoma. Nanyi wenyewe mliandika kwamba anayeacha wazi haulizwi. Kichwa kilichopata sitini na nne ni hiki hiki, hakikupungua kwa ajili ya kisanduku."

Mkunde akasema, "Hawa waliamua bila kujua. Mimi nilijua. Kitanda kilikuwa mkononi mwangu, nikakiacha kwa ajili ya mwenzangu."

Nanzia akamgeukia. "Nani alikutuma? Ungenijazia, leo ningekuwa ndani!"

"Ningekujazia ukakosa, ungeniita nani?"

Mwalimu Kisaka akafungua kinywa. Akaambiwa anyamaze, alikwisha kusema ya kutosha.

Mkuu akachovya kalamu katika wino, akaishikilia juu ya kitabu, akawatazama mmoja baada ya mwingine.

Mimi naishia hapo. Sasa ninyi mliokaa kitako mkinimalizia mihogo, msinitazame mimi. Kitanda ni kimoja na wino unakauka. Je, mngeandika jina la nani?