Ngawa wa Bi Shemsa

Sogeeni karibu, maana ngano hii haitaki sauti kubwa.

Hapo kale Bi Shemsa alikuwa akimtengenezea jumbe manukato. Alikuwa na binti mmoja, Zulekha, na ngawa mmoja kizimbani. Kila asubuhi alimkwangua ngawa chini ya mkia kwa kijiko, akatoa zabadi, yale mafuta yanayoyafanya manukato yang'ang'anie nguoni.

Siku moja ngawa akasema, "Bibi, naumia. Kila ukinikwangua nitakunyang'anya harufu."

"Ninazo nyingi," akajibu Bi Shemsa, akakwangua. Harufu ya asumini ikampotea puani. Akakwangua tena, ya wali ikamtoka. Jumbe akataka zabadi zaidi. Akakwangua mara ya tatu, pua ikafa kabisa.

Kesho yake alimkuta Zulekha amesimama kando ya kizimba, anatabasamu. Ndani, ngawa alikuwa akilia, "Mama, ni mimi Zulekha. Ngawa amenivua mwili wangu akauvaa."

Tangu kumzaa, Bi Shemsa alimjua mwanawe kwa harufu ya utosi wake. Akamnusa aliye nje, hakusikia kitu. Akapenyeza pua kizimbani, hakusikia kitu.

"Usimsikilize, mama," akasema aliye nje. "Ngawa huyu si amezoea kusema?"

Bi Shemsa akaona hilo ni kweli. Akaingiza mkono kizimbani, akamgeuza mnyama anayemwita mama, akachukua kijiko.

Ngano yangu naiacha hapo. Mwenye mtoto nyumbani, akamnuse.