Kisigino cha Mzee Lugendo

Kisigino kikinyamaza, michi hugombana. Ndiyo methali aliyoitupa mama muuza mihogo leo pale bombani. Wale wawili waliokuwa wakinyang'anyana zamu ya maji wakacheka, wakatwishana ndoo, na nyinyi vijana mkabaki mnatazamana. Mnauliza kisigino cha nani, na michi ya nani. Haya, kaeni, kunjeni miguu wengine wapite. Chanzo chake ni ugomvi wa majirani, na ugomvi wenyewe mnaukuta katikati.

"Chokaa inaniangukia kwenye unga, Mzee Lugendo! Kwenye unga!"

"Chokaa ya ukuta mkongwe, mama. Hata ukipiga chafya inaanguka."

"Mimi sipigi chafya tangu alfajiri mpaka jua la utosi! Du, du, du! Hiyo ni nyumba au stesheni ya gari moshi?"

Ilikuwa Tabora, zamani, kabla mashine ya kukoboa mpunga haijafika mtaa ule. Aliyekuwa akifoka, mikono kiunoni na khanga imemtoka kichwani, ni Bi Nyamizi. Aliyekuwa akijibu, kichwa dirishani, ni jirani yake Lugendo, mzee mkapera mpiga zeze. Ukuta wa nyuma wa chumba chake ndio ulikuwa ukuta wa ua wa Bi Nyamizi.

Lugendo hakuwa na bendi. Alikuwa na viungo vyake. Mikono ilishika zeze na upinde wake, mdomo ukaimba, na kifundo cha mguu wa kulia kikavaa njuga. Chini ya kisigino cha kushoto palikuwa na kibao alichokibuni mwenyewe, chenye rungu dogo mwishoni, kimefungwa kwa mkanda wa mpira wa gurudumu. Akikanyaga, rungu linagonga debe kuukuu lililofudikizwa: du! Akiachia, mpira unalirudisha. Minadani walimpa jina la Mzee Mko Wangapi, maana kila aliyemsikia kwa mbali aliuliza hivyo. Mchana alipiga mnadani. Asubuhi alikaa chumbani kuzoesha miguu.

Siku zote Bi Nyamizi alivumilia. Lakini sasa alikuwa anaoza binti yake, Sikujua, na mashangazi wa bwana harusi walikuwa njiani kutoka Nzega. Mashangazi hao walikuwa na desturi yao. Hufika kabla ya harusi, huomba kuonyeshwa mchele wa karamu, huchota kiganja wakaupuliza. Ukiwa mzima, vigelegele. Ukiwa chenga, wanatunga wimbo papo hapo, na wimbo huo utaimbwa kila mke atakapokosana na mumewe, mpaka wajukuu waote meno. Mchele wa Bi Nyamizi ulisifiwa hadi Urambo, punje ndefu zisizovunjika. Hakuogopa mchele. Aliogopa debe.

"Nimeita matarumbeta, watu wenye sare," akasema. "Sitaki wakwe zangu wasikie mtu anapiga debe bovu kwa mguu wakadhani tumefilisika!"

Majirani walishajaa uani, maana ugomvi mtamu hauhitaji mwaliko. Wakamuunga mkono mama harusi. Lugendo aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa ameshatunga hata wimbo wa Sikujua, mtoto aliyecheza njuga zake tangu anatambaa.

"Basi," akasema. "Wallahi, mguu wangu hamtausikia mpaka bibi harusi avuke kizingiti."

Akavua njuga, akazitundika msumarini, akafunga dirisha.

Kesho yake asubuhi wakatwanga. Kinu kimoja, michi mitatu: Bi Nyamizi, wifi yake Tatu, na Mashavu wa nyumba ya pili, mwanamke aliyejua habari za mtaa kabla hazijatokea. Mchi wa kwanza unashuka, wa pili unapanda, wa tatu uko njiani, kama walivyofanya miaka yote.

Kwa!

"Mashavu, angalia!"

"Nimeangalia mimi. Wifi yako ndiye kachelewa."

Wakaanza tena. Kwa! Safari hii mchi wa Tatu ukaruka ukamwaga mpunga. Wakasema labda waimbe. Wakaimba, na Mashavu akauvuta wimbo kama anasindikiza jeneza huku Tatu akikimbia kama anafukuzwa na nyuki. Kwa! Kwa!

"Huyu ana mawazo ya mume wake," Tatu akasema.

"Bora mimi ninaye wa kumwaza!"

Bi Nyamizi alichota mchele ungoni, akapepeta. Chenga tupu. Chakula cha kuku.

Akabadilisha watwangaji, wakaja wengine wenye mikono mizuri, chenga. Akabadilisha michi, chenga. Gunia moja likaisha, likafunguliwa la mwisho, na habari ikazunguka mtaa mzima kwamba kinu cha Bi Nyamizi kimepigwa jicho. Mmoja akashauri kifukizwe ubani, mwingine akataja mganga wa Sikonge. Mtu akapita na taarifa kwamba mashangazi wameshashuka stesheni, wanakunywa chai kwa ndugu yao, kisha waje.

Bi Nyamizi akawarudisha Tatu na Mashavu kwenye kinu. "Tutwange hivyohivyo. La kuwa na liwe."

Upande wa pili wa ukuta, Lugendo alikuwa amekaa kwenye kigoda chake na kiapo chake. Hakuenda mnadani. Alikula kiporo, akaegemea ukuta, usingizi ukampitia. Mtu hulala, mguu uliozoea kazi haulali. Kisigino cha kushoto kikapapasa, kikakiona kibao.

Du. Du. Du.

Uani mchi ukapanda, mchi ukashuka, wa tatu ukapita katikati kama maji. Mashavu akaanza kusimulia habari ya mtu na shemeji yake, akaifikisha mahali patamu, na mikono ikaendelea yenyewe. Bi Nyamizi akainama kutazama kinuni. Punje zilikuwa ndefu, nyeupe, nzima. Akafungua mdomo ashukuru Mungu.

Ndipo Lugendo akaota kwamba anapiga, akakumbuka kiapo, akazinduka na kuuinua mguu.

Kwa!

"Kidole changu!" Mashavu akapiga ukelele.

Bi Nyamizi alibaki na mchi hewani. Akamtazama Tatu. Akakitazama kinu. Kisha, polepole, akautazama ukuta.

"Jamani," akanong'ona, "kumbe tulikuwa tunatwangia kisigino cha mtu!"

Mashavu akasahau kidole. Habari kubwa namna ile, na alikuwa hajaijua!

Bi Nyamizi akazunguka nyumba mbiombio, akabisha hodi kwa sauti ambayo mtaa haukuwahi kuisikia kwake, nyembamba kama ya mwari.

"Mzee wangu, nimekuja kuomba mguu."

"Mguu gani, mama? Huu wa kuaibisha wakwe?"

"Huohuo."

"Kaombe matarumbeta. Wana sare."

"Matarumbeta hayajui kutwanga, baba."

Lugendo alitaka kununa zaidi, lakini mdomo ulishaanza kumcheza. "Nami nimeapa. Mpaka bibi harusi avuke kizingiti."

Bi Nyamizi akageuka, akapaza sauti yake halisi: "Sikujua! Weee Sikujua! Toka huko ndani, vuka kizingiti mara moja, uturudie!"

Bibi harusi akachungulia na liwa usoni, akaruka kizingiti cha mama yake hadi nje, akacheka, akarudi ndani mbio. Mtaa mzima ukaangua kicheko.

"Kiapo kimetimia," Lugendo akasema. "Lakini sipigi tena nyuma ya ukuta kama mwizi. Nibebeeni debe."

Wakalibeba. Mmoja kibao, mmoja kigoda, Mashavu akazishika njuga kama mkufu wa dhahabu. Wakamweka ubavuni mwa kinu. Kisigino kikaita, njuga zikaitikia, zeze likaingia, na Lugendo akaimba ule wimbo wa Sikujua. Michi ikapokea. Wasiokuwa na mchi wakapiga makofi, wenye nyungo wakapepeta kwa mwendo uleule, pumba zikapaa hadi juu ya paa.

Mashangazi wa Nzega wakaingia katikati ya hayo, nyuso wamezikaza tayari kwa ukaguzi. Mkubwa wao akachota kiganja, akapuliza, akatazama. Akataka kusema jambo zito, lakini bega lake lilishaanza kucheza bila ruhusa. Kigelegele alichokipiga kilisikika barabarani.

Siku ya karamu pilau ilipopakuliwa, matarumbeta yakiwa yanapuliza nje, Bi Nyamizi akamwona Lugendo uani amelikumbatia debe lake, anaelekea kwake. Hakuna aliyekuwa amemwambia rasmi kwamba naye ni mgeni.

"Unakwenda wapi?"

"Kazi ya kinu si imekwisha, mama?"

Bi Nyamizi akamnyang'anya debe, akaliweka pale chumba cha mbele, mahali pa wakwe, akapaza sauti kila mtu asikie:

"Kisigino kikinyamaza, michi hugombana! Nawe usinigombanishie nyumba yangu, Mzee Lugendo. Nawa mikono, ingia, sinia linakungoja."