Meza Ndefu ya Sikudhani

Hapo zamani, lakini si zamani zile za wanyama kusema, maana misumari ilikwishafika na chai ilikuwa inanyweka, palikuwa na mji mmoja wa milimani, asubuhi ukungu, mchana vumbi la mbao. Karibu kila nyumba ilikuwa ya seremala. Sogeeni basi. Na wewe unayecheka huko nyuma, cheka sasa umalize, kwa sababu mwisho nitauliza swali na sitaki kusikia eti hukusikia.

Mji huo ulikuwa na desturi yake. Mtu haitwi fundi mpaka awe na meza yake ya kazi, ile ya kurandia na kukatia mbao, na meza hiyo aitengeneze mwenyewe bila kuazima meza ya mtu. Utaniuliza, sasa bila meza ataranda wapi? Chini! Kwa magoti, ubao ameukanyaga kwa mguu, mgongo unawaka moto. Ndiyo maana wengi waliishia njiani. Kisha kitu cha kwanza utakachotengeneza juu ya meza hiyo hukitumii wala hukiuzi. Unachonga chini yake jina la mtu aliyekufanya ukawa fundi, halafu unampa. Mtu mmoja tu, jina moja tu. Na huyo aliyepewa anakuwa mzazi wa meza. Akitaka kuishi kwa fundi wake ataishi, atakula hapo, atazeeka hapo, na hakuna wa kumwuliza amefuata nini. Hilo lishikeni, msiliachie.

Sasa Sikudhani. Alikuwa mtoto wa pekee wa Mwantumu na Kibwana. Kibwana alikuwa fundi. Sikudhani akiwa bado anang'oka meno ya utoto, baba yake aliaga anakwenda mashamba ya mkonge kujenga nyumba za vibarua, atarudi mvua zikikatika. Mvua zikakatika. Zikaja nyingine, nazo zikakatika. Kibwana kimya. Nyumbani aliacha randa yake, na koti lake limetundikwa ukutani. Msumari wa koti aliupigilia mwenyewe, usawa wa shingo yake, kwa hiyo koti likining'inia ungedhani mtu amesimama. Mwantumu hakuligusa ila kulikung'uta vumbi.

Mtoto akakua anaamkia koti. “Shikamoo Baba,” analiambia, kisha anacheka, kisha kicheko kinamwishia. Jamani, hamu ya mtu aliyekufa ina mwisho wake, watu wanazika, wanalia, wanakula ubwabwa, wanatawanyika. Hamu ya mtu ambaye huenda yuko hai mahali fulani anakunywa chai, hiyo ni taabu nyingine kabisa.

Alipokuwa binti mkubwa akamwambia mama yake, “Mama, nataka kutengeneza meza ya fundi.”

“Ya nini, mwanangu?”

“Baba akipita hata bonde la pili, akasikia randa yake inalia, atasimama. Sauti yake anaijua.”

Mwantumu akamtazama. Hakumwambia mabonde yako mangapi. Akauliza tu, “Mbao utazitoa wapi?”

Mbao hazikuwepo. Kitanda kilikuwepo. Kitanda cha mninga, cha nguzo nne ndefu za kutundikia chandarua, Kibwana alikichonga kwa ajili ya arusi yao. Asubuhi moja Sikudhani akamkuta mama yake amekaa kwenye mkeka, na kitanda kimefunguliwa, nguzo huku, mbao kule.

“Mama! Kitanda chako cha arusi!”

“Kitanda cha watu wawili nakilalia peke yangu, upande wa ukutani, miaka yote hii upande uleule. Nimechoka. Nguzo ziwe miguu, mbao ziwe uso wa meza. Mimi mkeka unanitosha.”

Haukumtosha. Tangu siku hiyo aliamka ameshika kiuno. Lakini alisema unamtosha, na mtoto alikuwa na haraka ya kuamini.

Ng'ambo ya njia alikaa mzee Fundi Shemboza, aliyefiwa na mke na asiye na mtoto. Huyu alikuwa amefundisha mafundi wengi wa mji ule. Na kila mwanafunzi wake alipomaliza meza alichonga jina la baba yake mzazi, akampelekea baba yake mzazi. Fundi Shemboza alipewa mkono na asante, akarudi nyumbani kwake kupika uji wake mwenyewe. Sikudhani alipokwenda kubisha hodi, mzee alimtazama magoti. Halafu akasema, “Njoo kesho. Njoo na magoti yako.”

Akamfundisha kuchonga ulimi kwenye ncha ya ubao, ulimi uingie kwenye tundu la mguu bila kucheza. Sikudhani akachonga, ulimi ukacheza. Mzee akasema, “Vunja. Anza upya.” Akavunja, akaanza upya. Ulimi ukabana, tundu likapasuka. “Vunja. Anza upya.” Akavunja, akaanza upya. Meza ikasimama, mzee akaweka juu yake kikombe cha chai kimejaa hadi mdomoni, akaisukuma kwa kiuno. Chai ikamwagika.

“Fundi, ni chai kidogo tu!”

“Leo chai. Kesho patasi, na chini ya patasi pana mguu wako. Vunja. Anza upya.”

Binti akalia. Mzee akamwacha alie, akakaa naye chini kwenye vumbi, na mikono yake iliyokuwa imeanza kutetemeka akaiweka juu ya mikono ya binti, wakachonga pamoja mpaka ulimi ukaingia.

Hatimaye meza ikasimama. Kikombe kikawekwa, meza ikasukumwa, chai haikumwagika hata tone. Watu wakaja kutazama. Wakatazama, wakaanza kucheka.

Meza ilikuwa ndefu! Nanyi mnajua, au kama hamjui mjue leo, meza ya fundi hupimwa kwa mwili wa mwenyewe. Unasimama wima, unaning'iniza mkono, unakunja kiganja kama unayemtuliza mtoto kichwani. Hapo kiganja kilipo ndipo pa uso wa meza. Sikudhani hakujipima. Alipima mkono wa koti. Alishusha uzi kutoka mwisho wa mkono wa koti mpaka sakafuni, na huo ndio urefu alioukata.

“Meza ya twiga!” watu wakasema. “Fundi mwenyewe yuko wapi, amepanda juu ya paa?”

Fundi Shemboza hakucheka. “Binti, hii meza ni yako au ya lile koti?”

“Ya Baba.”

“Baba yako hayupo. Ikate miguu.”

“Siikati.”

“Utaumia mabega.”

“Niache niumie, Fundi.”

Akapanga mawe, akaweka ubao juu yake, akapanda hapo kila siku kufanya kazi. Si kazi hasa, alikuwa anaranda kipande kilekile cha mti ili randa ilie tu. Mabega yakaumuka. Mama akayakanda kwa maji ya moto, na randa ikaendelea kulia.

Na kweli, siku moja mchana, mtu akasimama njiani.

Alikuwa mzee mwembamba, mgongo umepinda, mkono wa kulia umekauka kama kijiti. Akasimama akisikiliza. Kisha akasema, “Hiyo randa ni ya kwangu.”

Sikudhani akashuka juu ya mawe. Hakumkumbatia. Hakumwamkia. Alimshika mkono ule mzima, akamvuta mpaka kwenye meza. “Simama hapa, Baba. Ning'iniza mkono.”

Kibwana akaning'iniza mkono. Kiganja hakikufika. Meza ilimzidi shubiri nzima. Sikudhani akasimama kando yake, bega kwa bega, akaning'iniza wake. Meza ikamzidi shubiri ileile. Mtu aliyepimiwa ile meza hakuwepo tena mahali popote duniani, na hapo ndipo Sikudhani alipolia. Alilia kwa sauti mpaka mama yake akatoka jikoni na mwiko mkononi.

“Mama Sikudhani,” akasema Kibwana.

“Umerudi,” akasema Mwantumu. “Kaa usimulie, ugali uko motoni.”

Akasimulia. Alianguka kutoka juu ya paa huko mashambani, mkono ukavunjika, ukaungwa vibaya. Akaona haya kurudi, fundi asiye na mkono, mtoto amtazame.

“Ulikuwa na mke mwingine huko?” akauliza Mwantumu.

“Nilikuwa naye. Amefariki.”

Mwantumu akarudi jikoni, akasonga ugali kwa nguvu mpaka sufuria ikahama mafiga. Lakini aliupakua kwa watu watatu, na wa nne akaitwa kutoka ng'ambo ya njia, maana Fundi Shemboza alikuwa amesikia kilio, akasimama mlangoni kwake hajui aje au asije.

Walipokwisha kula, Kibwana akasema, “Mwanangu, kata ile miguu. Usimtengenezee meza mtu aliyekwenda zake.”

Sikudhani akachukua msumeno, akakata. Mguu wa kwanza, shubiri. Wa pili, shubiri. Wa tatu, wa nne. Akaning'iniza mkono, kiganja kikalala juu ya meza, na siku ile mabega yake yakapumzika. Chini vikabaki vipande vinne vya mninga. Akaviokota, akavitazama, akatafuta ubao mdogo uliobaki wa kitanda, akaingiza ndimi kwenye matundu, hakuna uliocheza. Kikawa kigoda. Kitu cha kwanza cha meza yake.

Sasa jina.

Kibwana akasema, “Sina haki ya kudai, lakini nadai. Mninga huo niliukata mimi, nguzo nilizichonga mimi, randa ni yangu. Usingekuwa na hamu nami, meza isingekuwepo. Nikipewa kigoda hicho nitabaki, na hakuna atakayeninyooshea kidole. Nisipopewa, kesho nashuka mlima. Siwezi kuishi kwenye mji huu kwa kuhurumiwa na mke niliyemwacha.”

Fundi Shemboza akasema, “Hamu peke yake haichongi ulimi ukaingia tunduni. Mimi nilikaa naye vumbini. Wote niliowafundisha walichonga majina ya baba zao, nami nikawapa mkono, nikasema ndiyo haki. Mikono yangu imekwisha. Huyu ni wa mwisho. Nisipokuwa mzazi wa meza hii, nitakufa peke yangu mle ndani, nitakutwa na jirani aliyekuja kuazima moto.”

Wote wakamtazama Mwantumu, wakitarajia aseme ‘mimi basi, nimewaachia’. Aka! Mwantumu akafuta mikono kwenye kanga, akasema, “Nakitaka. Msidhani kwa kuwa mimi mama basi sitaki kitu. Kila mtu hapa alikuwa na hamu yake. Mimi nilikuwa na yangu na bado nikapika, bado nikamkanda mtoto mabega. Nilitoa kitanda changu nikalala chini. Hiyo miguu ni kitanda changu. Nataka siku moja, katika nyumba hii, kitu kiwe na jina langu.”

Sikudhani akamtazama baba yake, mtu aliyemngojea maisha yake yote, na fimbo yake ya kutembelea imeshalala magotini tayari kwa safari. Akamtazama mzee wa ng'ambo ya njia. Akamtazama mama yake, ameshika kiuno.

Akakigeuza kigoda miguu juu. Akashika patasi.

Mimi hapo ndipo ninaponyamaza. Na msiniletee ujanja wa kusema wakikalie kwa zamu, au achonge majina matatu madogo madogo. Nilishawaambia, jina moja. Patasi iko juu ya mbao, nyundo imeinuliwa, na watu watatu wanangoja herufi ya kwanza. Wewe uliyekuwa unacheka, anza wewe. Je, jina la nani lichongwe?