Kasuku Aliyejinyonyoa Manyoya

Paukwa!
Pakawa!
Nitoe nisitoe?
Toa, tuko kimya!

Hapo zamani za kale, kando ya shamba la michikichi, aliishi mjane aitwaye Nyamwiza. Alikuwa na binti mmoja, Semeni, na kasuku mmoja wa kijivu. Semeni akaolewa mbali, ng'ambo ya ziwa, akamwachia mama yake kasuku.

Nyumba ikawa kimya. Kila asubuhi kasuku aliita, "Semeni! Semeni, u wapi?" Jina lile lilimchoma Nyamwiza moyoni, naye hakujibu. Alimtupia andazi lililoloweshwa chai ya sukari, akaenda zake shambani.

Siku moja kasuku akanyamaza. Akaanza kujinyonyoa. Leo nyoya, kesho nyoya, mpaka kifua kikabaki kitupu kama cha kuku aliyenyonyolewa.

Kunguru akapita, akasema, "Mfunge mdomo, Mama Semeni." Nyamwiza akamfunga kwa uzi. Kasuku akashindwa kula, akakonda. Nyamwiza akamfungua.

Bata akapita, akasema, "Mpake pilipili, Mama Semeni." Nyamwiza akampaka. Kasuku akalia kutwa nzima. Nyamwiza akamwosha.

Mbega akashuka kuchuma chikichi. Akamtazama kasuku, akauliza, "Mwenyewe anasemaje?"

"Sijamuuliza," alisema Nyamwiza.

"Basi muulize."

Nyamwiza akapiga magoti mbele ya kasuku. "Baba, unaumwa nini?"

Kasuku akasema, "Ngozi inaniwasha, mama. Andazi na sukari si chakula changu. Na tangu Semeni aondoke, hujanisemesha hata neno moja. Nina hamu naye, na wewe pia nina hamu nawe, ingawa uko hapa hapa."

Nyamwiza akajifunika uso kwa khanga. Akalia kilio alichokizuia tangu siku ya harusi.

Kesho yake akaleta chikichi, papai na mchicha. Kasuku akageuza kichwa. Siku ya pili akaleta tena. Kasuku akavitupa chini. Siku ya tatu Nyamwiza akaketi karibu naye, akaanza kula papai mwenyewe, huku akimsimulia jinsi Semeni alivyojifunza kutembea, akianguka na kucheka. Kasuku akasogea. Akadonoa kipande kimoja. Akadonoa cha pili. "Halafu?" akauliza. "Halafu akafanyaje?"

Tangu hapo walikula pamoja na kuzungumza pamoja. Manyoya yakaota, taratibu, moja moja. Mahali padogo kifuani hayakuota kamwe. Semeni hakurudi, ng'ambo ni mbali. Lakini jua likishuka, sauti mbili zilimwita kutoka kizingitini, na hakuna aliyeachwa kuita peke yake.

Ewe unayesikiliza, ukimwona mwenzako anajiumiza, usikimbilie kumfunga wala kumpaka pilipili. Muulize. Kisha keti, ule naye.

Hadithi yangu imekwisha hapo. Mwenye yake aisogeze motoni, nasi tuiote.