Mlango Mwembamba wa Bustani ya Fisi

Mwaka ambao mvua ililisahau bonde la wanyama, majani yalikauka kila mahali isipokuwa kwenye chemchemi. Fisi alifika hapo kabla ya wote. Akapazungushia ua wa miiba, akaacha mlango unaotosha kiuno chake tu, kisha akajitangaza kuwa mlezi wa afya ya umma.

Nje ya ua akafungua biashara. Fungu la mchicha lilitaka kutwa nzima ya kumtekea maji. Andazi lililoogelea katika mafuta lilitaka ukuni mmoja tu, na mnunuzi akapewa nyongeza juu yake. Bi Swala, mwenye watoto wa kulisha, alipima nguvu zake akachukua maandazi. Jioni akachukua tena. Miezi ilipokatika, kile kiuno alichosifiwa bonde zima kilikuwa kimehama bila kuaga, na mbio zake zimefuatana nacho.

"Dada yangu, unene ni uzembe," Fisi alimnasihi huku akimfungia andazi jingine. "Kwa nini huli mboga?"

"Nipunguzie bei, nile."

"Afya haina bei, Bi Swala. Ndiyo maana ni ghali."

Bi Swala angecheka, lau si Simba. Mfalme huyo, aliyejiona mkubwa mno kuhangaika na mbio, alikuwa ameanza kumtangulia kwa salamu kila asubuhi.

"Umependeza, Bi Swala," alinguruma kwa upole. "Endelea hivyo hivyo."

Kila aliposifiwa, alijiona yuko sahanini. Hatimaye akamweleza Sungura, ambaye naye alikuwa akiyamezea mate matango ya ndani ya ua. Kesho yake Sungura akasimama mbele ya foleni.

"Bwana Fisi, huu ni uungwana gani? Tangu lini mtu akapewa chakula bila mwenyewe kukitoa sumu?"

Foleni ikaguna. Desturi ya bonde ilikuwa hiyo: mwenye chakula hukionja kwanza, mbele ya mlaji, ili amtoe wasiwasi.

"Kila andazi?" aliuliza Fisi, macho yakimmeremeta.

"Kila andazi, mzee wangu. Tusije tukakushuku bure."

Fisi aliupokea wajibu huo kwa unyenyekevu wa kugusa moyo. Alianza kwa kuonja robo, akaja nusu; siku za bidii kubwa, mteja alibakiziwa harufu. Mchicha hakuuonja kabisa. Huo, alisema, aliuamini.

Asubuhi moja alikwenda kuchuma mboga za kuuza. Kichwa kilipita mlangoni, mabega yakapita, tumbo likagoma. Mbele hakwenda, nyuma hakurudi.

"Bi Swala! Nivute, dada yangu!"

Bi Swala alikitazama kile kiwiliwili kilichobaki nje.

"Ningekuvuta, Bwana Fisi, lakini si unene ni uzembe? Jaribu mboga. Zipo hapo mbele ya pua yako."

Ndipo nyuma ya Fisi ikasikika sauti ya upole.

"Umependeza, Bwana Fisi."

Simba ndiye aliyemvuta, kwa nguvu zilizong'oa na ua mzima. Alikuwa amepata mlo usiohitaji hata kukimbizwa, na alipokuja kusikia njaa tena, Bi Swala alikuwa amekwisha kurudiwa na mbio zake.

Tangu siku hiyo mchicha wa chemchemi huchumwa bure. Na, ajabu iliyoje, uzembe nao umepungua bondeni.